Sir Edward Bullard: Mwanajiofizikia aliyepima Bonde la Ufa na kuishauri Serikali ya Uingereza

Na Mwandishi Wetu

Kati ya mwaka 1933 na 1934 mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika akipima nguvu ya uvutano wa dunia. Hakuwa akitafuta dhahabu wala almasi, na mizigo aliyoibeba haikuwa ya kuvutia macho: pendulamu za chuma, mfano wa ule uzito unaoyumba ndani ya saa kubwa za ukutani, chombo cha kuziwekea kilichoondolewa hewa, na redio ya kupokea ishara za muda kutoka Uingereza. Kijana huyo aliitwa Edward Crisp Bullard. Miaka ishirini na mitano baadaye, akiwa Sir Edward, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokutana Geneva kuzieleza Serikali za mataifa makubwa iwapo jaribio la bomu la nyuklia lililofanywa kwa siri lingeweza kugunduliwa.

Wananchi wamezoea kusikia kwamba Serikali imeamua jambo fulani baada ya kupokea ushauri wa wataalamu. Ni mara chache husimuliwa wataalamu hao ni akina nani, walijifunzia wapi kazi yao na walifanya nini pale walichokiamini kilipogeuka kuwa si sahihi. Maisha ya Bullard yanafaa kusimuliwa kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine iliyo karibu zaidi nasi: sehemu ya elimu yake aliipata juu ya ardhi ya Afrika Mashariki, na ni ardhi hiyohiyo iliyomponyoka.

Bullard alizaliwa tarehe 21 Septemba 1907 katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, katika familia iliyokuwa na kiwanda kikubwa cha bia. Njia ya biashara ilikuwa wazi mbele yake. Yeye alichagua fizikia, akasoma katika Shule ya Repton, kisha Chuo cha Clare, Cambridge, na kuhitimu mwaka 1929 kwa daraja la kwanza. Aliendelea na utafiti katika Maabara ya Cavendish, iliyokuwa chini ya Ernest Rutherford, akisimamiwa na Patrick Blackett. Hakuna mahali pengine duniani wakati ule ambapo kijana wa fizikia angetamani kuwapo zaidi ya hapo.

Lakini miaka hiyo ilikuwa ya mdororo mkubwa wa uchumi. Ajira zilikuwa adimu hata kwa wahitimu bora, na Rutherford alimshauri achukue kazi yoyote atakayoipata. Kazi iliyojitokeza mwaka 1931 ilikuwa katika idara changa na ndogo mno ya upimaji wa dunia na jiofizikia, chini ya Sir Gerald Lenox-Conyngham, ofisa aliyekuwa ametumikia Idara ya Upimaji ya India. Kwa mtu aliyetoka maabara ya atomu, hatua hiyo ingeweza kuonekana kama kuporomoka. Bullard aliikubali. Alikuta kwamba huko kulikuwa na maswali makubwa kuhusu sayari nzima ambayo hayakuwa yamepimwa kwa usahihi, na kwamba mbinu alizozizoea za maabara zingeweza kuyafikia.

Swali la kwanza lililomleta huku lilikuwa Bonde la Ufa. Mjiolojia J. W. Gregory, aliyelitembelea mwaka 1893, alikuwa ameeleza kwamba bonde hilo ni kipande cha ardhi kilichozama kati ya kingo mbili baada ya gamba la dunia kuvutwa pande mbili. Wengine hawakukubaliana naye. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda, alishikilia kwamba bonde limetokana na mgandamizo: pande mbili zimesukumana, kingo zikapanda na kuikandamiza sakafu ya bonde chini. Kwa macho ya kawaida, mtu aliyesimama kwenye ukingo wa bonde na kutazama chini hawezi kuamua nani kati ya hao wawili ana haki. Ilihitajika njia ya kuona kilicho chini.

Njia hiyo ni uvutano. Mwamba mzito huvuta zaidi kuliko mwamba mwepesi, hivyo pendulamu iliyo juu yake huyumba kwa kasi kubwa kidogo. Tofauti inayotafutwa ni ndogo sana, ya kiwango cha sehemu moja katika milioni, na hapo ndipo ugumu ulipo. Pendulamu ilipaswa kutengenezwa kwa aloi isiyotanuka kwa joto, ikayumba mahali pasipo hewa, na saa ya kuipimia ikawa sahihi kuliko saa yoyote ambayo msafiri angeweza kuibeba nyikani. Bullard alilitatua tatizo la saa kwa werevu. Ishara zilezile za redio zilipokewa kwake na Cambridge kwa wakati mmoja, na pendulamu ya huku ikalinganishwa moja kwa moja na ya kule. Kosa lolote lililokuwa ndani ya ishara lilijifuta lenyewe, kwa kuwa liliziathiri pande zote mbili sawasawa.

Matokeo aliyachapisha mwaka 1936 katika jarida la Royal Society. Yalionesha kwamba juu ya sakafu ya Bonde la Ufa uvutano ni mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Maana yake ni kwamba chini ya bonde kuna vitu vyepesi. Bullard akajiuliza: ikiwa sakafu hiyo ni nyepesi, kwa nini haiinuki, kama ubao unavyoinuka majini ukiachiwa? Akahitimisha kwamba kuna nguvu inayoikandamiza kutoka pembeni. Vipimo vyake, kwa maoni yake, viliunga mkono mgandamizo, na kwa sababu vilikuwa vipimo bora kuliko vyote vilivyokuwapo, hoja hiyo ilipata nguvu kwa miaka mingi.

Hoja hiyo haikuwa sahihi. Vipimo vyenyewe havikuwa na hitilafu. Kilichokosewa ni tafsiri. Wepesi alioupima unatokana kwa kiasi kikubwa na mashapo yaliyojaa ndani ya bonde, ambayo katika eneo la Ziwa Albert yana unene wa kilomita kadhaa, na pia na miamba yenye joto kali iliyo chini zaidi. Bonde linatanuka, kama Gregory alivyosema, na leo vipokezi vya satelaiti vinaupima mwendo huo kuwa milimita chache kila mwaka. Msomaji anayefuatilia habari za mradi wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, atapendezwa kujua kwamba mafuta yatakayopita humo yamo ndani ya mashapo hayohayo yaliyokuwa sehemu ya fumbo la Bullard. Watafutaji wa mafuta hutumia upimaji wa uvutano kutambua yalipo mabonde ya aina hiyo, ingawa vyombo vya sasa hubebwa hata na ndege.

Inafaa kuutazama mfano huu kwa utulivu. Mtu mwenye chombo bora kuliko vyote alifikia hitimisho ambalo halikudumu, lakini namba zake zilidumu, na waliokuja baadaye waliweza kuzitumia kujenga hitimisho jingine. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, hiyo ndiyo tofauti kati ya ushauri ulioandikwa pamoja na vipimo vyake na ushauri ulioandikwa bila vipimo.

Baada ya kurejea, Bullard alihamia mambo mengine kwa haraka. Alitumia milipuko midogo kupima kina cha miamba ya kale chini ya mashariki mwa Uingereza, akaipeleka mbinu hiyo baharini, na akachunguza joto linalopanda kutoka ndani ya dunia kupitia visima vilivyochorongwa Afrika Kusini. Kisha ikaja vita.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1939 meli za Uingereza zilianza kulipuka katika maji yaliyokuwa yamefagiliwa na kutangazwa kuwa salama. Ujerumani ilikuwa imetega mabomu yaliyolala kimya sakafuni mwa bahari na kulipuka pasipo kuguswa. Meli ya chuma ni sumaku kubwa inayoelea. Ilipopita juu ya bomu, sindano iliyomo ndani ilihisi badiliko la uga wa sumaku na kufunga mkondo wa umeme. Uingereza ni kisiwa kinachokula kwa meli. Kama bandari ya London ingefungwa, nchi isingeweza kuendelea kwa muda mrefu. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1939 ndege ya Ujerumani iliangusha mabomu ya aina hiyo kwenye matope ya Shoeburyness, penye mlango wa Mto Thames, na siku iliyofuata Luteni Kamanda John Ouvry alilifungua moja kwa mikono yake. Siri yake ikajulikana.

Bullard wakati huo alikuwa ameingia katika kituo cha Jeshi la Wanamaji kilichoitwa HMS Vernon, Portsmouth. Yeye alizoea kupima uvutano wa dunia; sasa alitakiwa kupima uga wa sumaku wa meli. Kazi iligawanyika sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kuziondolea meli usumaku wake, ama kwa kuzizungushia nyaya zenye umeme ama kwa kupitisha waya wenye mkondo mkubwa ubavuni mwake. Ya pili ilikuwa kuyalipua mabomu kabla meli hazijafika. Njia iliyopatikana ilikuwa kuzitembeza meli mbili sambamba, kila moja ikikokota nyaya ndefu zinazoelea, na kupitisha umeme mwingi kwa sekunde chache katika maji ya chumvi yaliyo kati yao. Uga wa sumaku uliojengeka hivyo uliyadanganya mabomu katika eneo pana. Majaribio ya awali, kwa mfano mdogo, yalifanyika katika bwawa la Canoe Lake, Southsea, ambalo watoto walilitumia kuchezea mashua. Mtu anaweza kutabasamu akiwafikiria maofisa na wanasayansi kandoni mwa bwawa la watoto wakiamua hatima ya bandari, lakini maji ya bwawa hilo yalikuwa ya chumvi, na hilo ndilo lililotakiwa.

Miezi michache baadaye, mwezi Mei na Juni 1940, msururu wa vyombo vikubwa na vidogo ulivuka mlango wa bahari kwenda Dunkirk kuwaokoa askari. Vingi kati yake vilikuwa vimekwisha kuondolewa usumaku.

Bullard alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1941, akiwa katikati ya kazi ambayo hakuweza kuieleza hadharani. Baadaye alihamia London kufanya kazi na mwalimu wake wa zamani, Blackett, katika kile kilichoitwa utafiti wa operesheni. Hapo maswali hayakuwa tena ya vyombo peke yake. Msafara wa meli uwe na meli ngapi? Ndege za doria zitumike wapi? Hesabu zilifanywa, na majibu yakapelekwa kwa makamanda ambao hawakulazimika kuyakubali. Ni mahali hapo, pengine, ambapo Bullard alijifunza kazi halisi ya mshauri: kuisema namba inavyosema, kuieleza kwa lugha ambayo mwenye uamuzi ataielewa, na kumwachia uamuzi.

Vita vilipokwisha alirudi Cambridge, akakuta nafasi finyu na fedha chache. Mwaka 1948 alikwenda kuongoza idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Hakukaa sana. Mwaka 1950 Serikali ya Uingereza ilimteua kuwa Mkurugenzi wa Maabara ya Taifa ya Fizikia, iliyoko Teddington karibu na London, taasisi ya umma yenye dhamana ya vipimo vya nchi: urefu, uzito, muda, joto na umeme. Kwa maneno mengine, alikabidhiwa mizani ya Taifa. Mwaka 1953 alitunukiwa hadhi ya Sir.

Teddington ilikuwa na hazina mbili. Moja ilikuwa kompyuta ya Pilot ACE, iliyojengwa kutokana na michoro ya Alan Turing na kuanza kufanya kazi mwaka 1950, mojawapo ya kompyuta za kwanza duniani. Wakurugenzi wengi huwaachia wengine mashine. Bullard aliitumia mwenyewe kukokotoa jinsi chuma kilichoyeyuka katika kiini cha dunia, kwa kuzunguka na kuchemka, kinavyoweza kuzalisha uga wa sumaku kama jenereta isiyo na nyaya. Hazina ya pili ilikuwa Louis Essen na wenzake, ambao mwaka 1955 waliendesha saa ya kwanza ya atomu ya siziamu yenye usahihi wa kutegemewa. Mtu aliyewahi kuhangaika na ishara za redio ili ajue muda sahihi akiwa Afrika Mashariki alikuwa ndiye mkurugenzi wa taasisi iliyouondoa muda kwenye mzunguko wa dunia na kuuweka kwenye atomu.

Mwaka huohuo wa 1955 aliacha ukurugenzi. Alirudi Cambridge katika cheo cha chini kuliko alichokuwa nacho, cha msaidizi wa mkurugenzi wa utafiti, na uprofesa hakuupata hadi mwaka 1964. Watumishi wa umma watalielewa jambo hilo kila mmoja kwa namna yake. Majalada, vikao na bajeti vilikuwa vimemla muda, naye alitaka kurudi kwenye maswali.

Swali lililokuwa likimsumbua lilikuwa joto la sakafu ya bahari. Ardhi hutoa joto kidogo kidogo bila kukoma. Nchi kavu sehemu kubwa ya joto hilo hutokana na madini ya mionzi yaliyomo katika miamba ya mabara. Miamba ya chini ya bahari ina madini hayo kwa uchache sana, kwa hiyo ilitarajiwa kwamba huko joto lingekuwa dogo mno. Kuanzia mwaka 1949, akishirikiana na Roger Revelle na Arthur Maxwell wa Taasisi ya Scripps, California, Bullard alibuni mkuki wa chuma wenye vipimajoto uliodondoshwa kutoka melini hadi kwenye matope ya kilindini. Jibu liliwashangaza wote: joto la baharini lilikuwa karibu sawa na la nchi kavu. Kitu fulani kilikuwa kikilibeba kutoka chini. Wazo kwamba tabaka la ndani la dunia huenda polepole, kama uji mzito unavyozunguka katika sufuria, lilipata ushahidi ambao haukuwapo kabla.

Wakati huohuo dunia ilikuwa na hofu nyingine. Tangu mwaka 1945 majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliendelea kuongezeka, na mavumbi yake yenye mionzi yalikuwa yakianguka juu ya mashamba na malisho ya nchi zisizohusika. Afrika nayo iliguswa: tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, licha ya pingamizi za nchi za Kiafrika. Viongozi walizungumzia mkataba wa kuyapiga marufuku majaribio. Swali lililowazuia lilikuwa rahisi kulitamka: upande mmoja ukidanganya, upande wa pili utajuaje?

Ndiyo maana kuanzia tarehe 1 Julai hadi 21 Agosti 1958 wataalamu wa pande mbili walikutana Geneva. Upande wa Magharibi uliongozwa na James Fisk wa Marekani, na wa Mashariki na Yevgeni Fedorov wa Umoja wa Kisovieti, ambaye mwenyewe alikuwa mwanajiofizikia. Bullard alikuwa pamoja na wanasayansi wa Uingereza. Mlipuko wa angani hauna siri kubwa, kwa kuwa sauti, mwanga na mionzi humfichua mfanyaji. Ugumu ulikuwa chini ya ardhi, ambako bomu hutoa mitetemo inayofanana na ya tetemeko. Mkazi wa Bukoba anayelikumbuka tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 alihisi mtikisiko wa sekunde chache, lakini mawimbi yake yalisafiri ndani ya dunia na kunaswa na vituo vya mbali. Mtaalamu anayeitazama chati peke yake hupaswa kuamua kama ardhi imeteleza au kuna mtu ameilipua.

Tofauti ipo. Mlipuko husukuma ardhi nje kwa pande zote, hivyo mtikisiko wa kwanza katika kila kituo huwa wa kwenda juu. Tetemeko husukuma upande mmoja na kuvuta upande mwingine, hivyo vituo vingine hupanda na vingine hushuka. Ikiwa tukio ni kubwa, ishara ni dhahiri. Likiwa dogo, ishara humezwa na kelele za upepo, mawimbi ya bahari na magari. Wataalamu wa Geneva walikubaliana kwamba mtandao wa vituo 160 hadi 170 vya nchi kavu, pamoja na meli zipatazo 10, ungeweza kutambua milipuko ya kuanzia takriban kilotani tano, kwa msaada wa ukaguzi wa papo pale penye shaka.

Makubaliano hayo yalionekana kama ushindi, lakini hayakutulia. Data mpya za milipuko ya chini ya ardhi iliyofanywa Marekani zilionesha kwamba kuitambua milipuko hiyo ni kugumu kuliko ilivyodhaniwa kule Geneva. Wanasiasa wakaanza kubishana juu ya idadi ya ukaguzi: Wasovieti wakasema usizidi mara tatu kwa mwaka, Wamarekani wakashikilia saba. Hapa ndipo ushauri wa kisayansi ulipofika mpaka wake. Sayansi iliweza kusema ni matukio mangapi kwa mwaka yangebaki na shaka. Haikuweza kusema taifa livumilie shaka kiasi gani. Mkataba uliotiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963 ulipiga marufuku majaribio ya angani, majini na katika anga za juu, ukaacha ya chini ya ardhi. Mpaka kati ya kilichoruhusiwa na kilichokatazwa ulifuata kwa karibu mpaka kati ya kilichoweza kupimwa kwa uhakika na kisichoweza.

Mtandao wa dunia nzima uliofikiriwa Geneva ulichukua muda kujengwa, na sura yake ya sasa inatokana na Mkataba wa Kupiga Marufuku Majaribio Yote ya Nyuklia wa mwaka 1996, ambao bado haujaanza kutumika kisheria kwa kuwa baadhi ya nchi ambazo ridhaa yao ni ya lazima hazijauridhia. Vituo vyake hata hivyo vinafanya kazi. Kimoja cha kupima mitetemo kiko Kilimambogo, Kenya, na kimoja cha kupima mionzi hewani kiko Dar es Salaam.

Bullard hakuishia kwenye mabomu. Mwaka 1964 Royal Society iliandaa mkutano mkubwa kuhusu kusogea kwa mabara, naye alikuwa mmoja wa waandaaji pamoja na Blackett na Keith Runcorn. Wazo la Alfred Wegener, aliyelitoa mwaka 1912 kwamba mabara yaliwahi kuwa pamoja, lilikuwa limedharauliwa na wataalamu wengi kwa miongo mitano. Wengine walisema kufanana kwa pwani za Afrika na Amerika Kusini ni bahati tu au ni ujanja wa mchoraji ramani. Bullard, akisaidiwa na Jim Everett na Alan Smith, aliamua kuipima hoja hiyo. Hawakutumia ukingo wa maji unaoonekana, kwa kuwa huo hubadilika. Walitumia mteremko wa chini ya bahari katika kina cha fathomu 500, sawa na takriban mita 900, na kuiachia kompyuta itafute mkao bora wa mabara. Afrika na Amerika Kusini zilishikana kwa kosa la wastani lisilofika nyuzi moja. Ramani hiyo, iliyochapishwa mwaka 1965, imeingia katika vitabu vya shule vya nchi nyingi, mara nyingi bila jina lake.

Katika idara yake hiyohiyo Fred Vine na Drummond Matthews walikuwa wameonesha mwaka 1963 kwamba michirizi ya sumaku kwenye sakafu ya bahari ni kumbukumbu ya sakafu hiyo kutanuka. Dan McKenzie, aliyeisaidia nadharia ya mabamba ya dunia kukamilika, alikuwa mwanafunzi wa Bullard. Na nadharia hiyo ndiyo iliyoliweka Bonde la Ufa mahali pake: mahali ambapo bara linaanza kugawanyika. Kwa hiyo Bullard alisaidia kuijenga nadharia iliyoipindua tafsiri yake ya mwaka 1936. Katika makala aliyoiandika mwaka 1975 kuhusu historia ya nadharia hiyo hakujitenga na waliochelewa; alieleza kwa uwazi jinsi wataalamu, yeye akiwa mmoja wao, wanavyong'ang'ania mawazo waliyoyazoea hata ushahidi unapoanza kuwaelemea.

Alistaafu Cambridge mwaka 1974 na kuhamia La Jolla, California, ambako aliendelea kufundisha na pia kuishauri Serikali ya Marekani kuhusu namna ya kuhifadhi taka za nyuklia, suala linalohitaji mtu anayeweza kufikiri kwa maelfu ya miaka. Jengo la idara yake ya zamani huko Cambridge linaitwa kwa jina lake.

Sir Edward Bullard alifariki dunia La Jolla tarehe 3 Aprili 1980, akiwa na umri wa miaka 72. Hadi siku zake za mwisho alikuwa akifanya kazi pamoja na Stuart Malin juu ya makala inayokusanya vipimo vyote vilivyopatikana vya mwelekeo wa sindano ya dira jijini London kuanzia mwaka 1570 hadi 1975. Wengi wa waliovichukua vipimo hivyo hawakujua kwa nini sindano hugeuka mwaka hadi mwaka, lakini walivihifadhi. Makala hiyo ilichapishwa mwaka 1981.